Federation: Ngano Laini Iliyodharauliwa kwa Sura Yake

Karani anywapo chai ya saa nne huchovya biskuti katika kikombe chake. Mkulima arudipo nyumbani jioni humega chapati. Mtoto aendaye shule asubuhi hupewa kipande cha mkate. Vyote vitatu vyatokana na ngano, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba ngano ni ngano tu, na kwamba mbegu yoyote yafaa kwa kazi yoyote. Sivyo. Ngano ifaayo kwa biskuti huweza kumharibia kazi mwoka mikate, na ngano iliyomtajirisha mkulima wa nchi moja huweza kumfilisi mkulima wa nchi nyingine.

Wazee wetu husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli kwa jembe, lakini si kwa mbegu. Mtu anunuapo gunia la mbegu huweka rehani mapato yake ya mwaka mzima: karo ya watoto, deni la trekta na chakula cha nyumbani. Basi yafaa ajue anachagua nini. Kwa ajili hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mbegu moja ya ngano laini iitwayo Federation, iliyotolewa Australia mwaka wa 1901. Wakulima wa biashara waliiacha zamani, lakini mafunzo yake hayajazeeka.

NGANO LAINI NI IPI?

Chukua punje ya ngano uikate katikati kwa wembe. Ukiona ndani yake mng'ao kama wa kioo, hiyo kwa kawaida ni ngano ngumu. Ukiona weupe usiong'aa, mfano wa chaki, yaelekea ni ngano laini. Ngano ngumu hupasuka kinuni ikawa chenga chenga kabla ya kuwa unga. Ngano laini husagika upesi ikawa unga mwororo sana.

Tofauti nyingine i katika ule utomvu wa ngano unaovutika kama mpira unga ukandwapo kwa maji. Unga wa ngano ngumu kwa kawaida una utomvu mwingi wenye nguvu. Hunywa maji mengi, na hamira ikiuumua hushika hewa ndani yake, mkate ukapanda juu. Unga wa ngano laini hunywa maji machache na hauna nguvu nyingi za kuvutika. Mkate wake hautapanda sana, lakini biskuti zake huvunjika vizuri mdomoni na keki zake huwa nyororo. Kwa hesabu za wataalamu, unga wa ngano laini mara nyingi huwa na protini kiasi cha asilimia 8 hadi 10, na unga wa mikate kiasi cha asilimia 12 au zaidi.

Kwa hiyo neno "laini" si sifa wala si lawama. Ni kueleza kazi tu, kama vile mtu asemavyo kwamba ng'ombe huyu ni wa maziwa na yule ni wa nyama.

NGANO ISIYONGOJA BARIDI

Federation ni katika jamii ya ngano za majira ya kuchipua. Jina hili lahitaji maelezo, kwa maana kwetu hatuna majira hayo. Katika nchi za baridi kali kuna ngano ipandwayo kabla ya theluji, nayo haitatoa suke mpaka imepitiwa na baridi kwa majuma mengi. Ukiipanda mahali pa joto itabaki majani matupu kama nyasi. Ngano ya pili haidai baridi hiyo: huota, hukua na kutoa suke katika msimu mmoja bila kungoja. Ulaya ya kaskazini na Canada huipanda baada ya theluji kuyeyuka, na ndiyo maana yaitwa ngano ya majira ya kuchipua.

Australia, ambako baridi si kali, ngano hiyo hiyo hupandwa kati ya Aprili na Juni na kuvunwa kuanzia Novemba. Katika Kenya nayo, ngano zetu za Njoro, Narok, Timau na Uasin Gishu ni za namna hiyo, kwa kuwa hakuna theluji ya kuamsha ile nyingine. Mkulima wa Kenya hulima ngano ya majira ya kuchipua hata kama hajapata kulisikia jina lake.

BWANA FARRER WA LAMBRIGG

Aliyeizaa Federation alikuwa Bwana William Farrer. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1845, akasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akapatwa na kifua kikuu. Mwaka wa 1870 alihamia Australia kutafuta hewa kavu. Huko alifundisha watoto nyumbani kwa tajiri mmoja, halafu akawa mpimaji wa ardhi wa Serikali. Katika safari zake za kupima aliona mashamba mengi ya ngano, na aliona pia taabu za wenye mashamba hayo. Mbegu walizokuwa nazo zilikuwa za Ulaya, zenye kuchelewa kukomaa. Jua likawahi kuzikausha, au kutu ikazila. Mwaka wa 1889 kutu iliharibu ngano nyingi sana, hata wajumbe wa makoloni ya Australia wakaanza kukutana kuanzia mwaka wa 1890 kushauriana namna ya kupambana nayo.

Mwaka wa 1886 Bwana Farrer aliacha kazi ya upimaji akakaa Lambrigg, kando ya mto Murrumbidgee, karibu na mahali ulipojengwa baadaye mji wa Canberra. Akaanza kujaribu ngano katika vishamba vidogo kwa fedha zake mwenyewe. Tangu mwaka wa 1889 alianza kuchanganya mbegu kwa mkono.

Kazi hiyo yataka subira. Ua la ngano hujizalisha lenyewe kabla halijafunguka. Mtu atakaye kuchanganya ngano mbili hana budi kulifungua ua lingali changa, aondoe vijiti vitatu vya kiume vilivyomo, kisha alete chavua kutoka suke la ngano nyingine. Hufanya hivyo ua moja moja. Mbegu zipatikanazo akizipanda, kizazi cha kwanza hufanana. Lakini kizazi cha pili hutawanyika, huyu akashika sura ya babu, yule ya nyanya. Hapo ndipo mchaguzi hutembea mistari yake mwaka baada ya mwaka, akiweka wachache na kutupa wengi. Bwana Farrer aliifanya kazi hii kabla sheria za urithi za Gregor Mendel hazijagunduliwa upya mwaka wa 1900.

Alikuwa na msaidizi wa maana, Bwana Frederick Guthrie, mkemia wa Serikali ya New South Wales. Huyu alitengeneza njia ya kusaga na kuoka kiasi kidogo sana cha ngano, ili mbegu mpya ipimwe unga wake kabla haijajaza hata debe. Hivyo Bwana Farrer hakuchagua kwa macho tu. Aliuliza shamba, akauliza kinu, akauliza na tanuri. Mwaka wa 1898 Serikali ilimwajiri kuendelea na kazi hiyo, akaifanya hadi kufa kwake mwaka wa 1906. Mbegu zake aliwagawia wakulima bila malipo.

UKOO WA FEDERATION

Federation ilitokana na ndoa ya ngano mbili. Mzazi mmoja ni Purple Straw, ngano ya zamani ya Australia, yenye kuzaa vizuri. Mzazi wa pili ni Yandilla, aliyekuwa amechanganywa na Bwana Farrer mwenyewe kutoka ngano ya jamii ya Fife ya Canada, iliyosifiwa kwa unga wake, na ngano ya Etawah ya Bara Hindi, iliyozoea ukame na kukomaa mapema. Hivyo ndani ya punje moja zilikutana Canada, Bara Hindi na Australia. Mwaka huo wa 1901 makoloni sita ya Australia yaliungana kuwa nchi moja, na ngano mpya ikapewa jina la muungano huo.

SURA YAKE NA KAZI YAKE

Wakulima walipoiona mara ya kwanza wengi hawakuipenda. Walikuwa wamezoea shamba la ngano ndefu yenye kuyumba kwa upepo na kung'aa kama dhahabu. Federation ilikuwa fupi, imesimama wima, na masuke yake yalikuwa ya rangi ya hudhurungi iliyofifia kama shaba isiyosuguliwa. Mtu apitaye barabarani angedhani shamba limepatwa na ugonjwa.

Lakini Waswahili husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ubaya wa Federation nao ulikuwa wa nje tu. Masuke yake hayakuwa na ndevu ndefu, yalijaa punje fupi, nyeupe na laini, nayo yalishika punje zake zisipukutike ovyo. Ufupi wake ulikuwa faida kwa sababu mbili. Kwanza, bua fupi lenye nguvu haliangushwi na upepo kwa urahisi. Pili, Australia walikuwa na mashine ya kuvunia ya namna ya pekee, iliyoanza huko mwaka wa 1843. Mashine hiyo haikukata mabua. Ilikuwa na meno mbele mfano wa kitana, ikachana masuke na kuyapura papo hapo, mabua yakabaki yamesimama shambani. Ngano ndefu iliyolala iliisumbua sana mashine hiyo. Federation, fupi na iliyosimama sawasawa, ilikuwa kama iliyofanywa kwa ajili yake.

Zaidi ya hayo, ilizaa sana. Ilikomaa mapema kuliko ngano nyingi za kale, ikawahi kujaza punje kabla ya ukame wa mwisho wa msimu. Basi mdomo wa mkulima uliendelea kuilaumu, lakini mkono wake ukaendelea kuipanda. Kuanzia mwaka wa 1910 hivi hadi 1925 Federation ndiyo ngano iliyopandwa kuliko zote katika Australia. Ilivuka bahari pia: mwaka wa 1914 ilipelekwa Marekani kujaribiwa, na katika miaka ya 1920 ikaenea katika majimbo ya magharibi kama Oregon na Idaho.

JINSI ILIVYOLIMWA

Haitoshi mbegu kuwa njema; yataka pia kulimwa vyema. Wakulima wa Australia wa zama hizo waliilima Federation kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, shamba lililimwa miezi mingi kabla ya kupanda, likaachwa wazi. Kila baada ya mvua walipitisha haro kuua magugu na kulegeza udongo wa juu, ili maji ya mwaka huu yawekwe akiba kwa ngano ya mwaka ujao. Pili, kwa kuwa udongo wa huko una upungufu mkubwa wa fosfeti, mbegu ilipandwa kwa mashine pamoja na mbolea ya fosfeti katika mstari ule ule. Tatu, walipanda kwa wakati. Aliyepanda mapema mno aliogopa jalidi kuua maua. Aliyechelewa alikutwa na jua kali punje hazijajaa.

Nne, walisafisha mbegu kwa dawa, nalo lilikuwa jambo kubwa kwa Federation. Kuna ugonjwa wa ngano ambao hujaza punje vumbi jeusi linalonuka kama samaki aliyeoza. Federation ilishikwa upesi na ugonjwa huo. Kwa muda mrefu wakulima waliloweka mbegu katika maji ya mrututu. Dawa hiyo iliua ugonjwa, lakini iliua na baadhi ya mbegu. Kisha katika miaka ya 1910 mtaalamu wa New South Wales, Bwana Darnell-Smith, akaonyesha kwamba unga mkavu wa kaboneti ya shaba, ukichanganywa na mbegu, huikinga bila kuidhuru. Njia hiyo ikaenea duniani.

KIZURI HAKIKOSI ILA

Tumekwisha kusifu, sasa tueleze na kasoro. Ya kwanza ni huo ugonjwa wa vumbi jeusi. Bwana Farrer aliujua udhaifu huu, akazaa ngano nyingine, Florence, yenye kuuhimili vizuri zaidi.

Kasoro ya pili ni unga. Federation ilikuwa laini, na unga wake haukuwa na nguvu kama unga wa Bobs au Comeback, ngano nyingine za Bwana Farrer zilizosifiwa na waoka mikate. Lakini mkulima alilipwa kwa uzito, na Federation ilijaza magunia. Hivyo ngano nzuri zaidi kwa mkate ikashindwa na ngano nzuri zaidi kwa mizani. Kisa hiki hutokea kila mahali ambapo bei haitofautishi ngano na ngano.

Kasoro ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote, nayo ni kutu. Kutu ya bua ni ukungu uletao vipele vyekundu vya hudhurungi juu ya mabua na majani. Kila kipele hutoa maelfu ya chembe ndogo zichukuliwazo na upepo mbali sana. Zikitua juu ya ngano yenye umande, na hewa ikiwa ya joto la kadiri, baada ya majuma mawili hivi hutoa vipele vipya. Bua likipasuliwa na vipele, chakula hakifiki sukeni, na punje husinyaa. Federation haikuwa na kinga ya kweli. Iliponea kwa kuwahi kukomaa na kwa ukavu wa nchi. Mwaka wa mvua nyingi, kama 1916, kutu ilipoenea Australia, kukomaa mapema hakukutosha.

Baada ya mwaka wa 1925 nafasi ya Federation ikaanza kuchukuliwa na ngano nyingine kama Nabawa, na baadaye Bencubbin. Haikufukuzwa kwa aibu. Ilikuwa imefanya kazi yake, ikapisha.

KENYA KATIKA HABARI HII

Msomaji ataweza kuuliza: haya ya Australia yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa maana kutu ile ile ndiyo iliyoifundisha Kenya kilimo cha ngano. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alilima ngano Njoro, na kutu ikamharibia. Ikambidi kumwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu, na mwaka wa 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikafunguliwa Njoro.

Hapo Njoro kutu haipati likizo. Hatuna theluji ya kuua ngano, hivyo karibu kila mwezi kuna ngano mbichi mahali fulani, na ukungu huhama shamba hadi shamba. Ni taabu kwa mkulima, lakini ni shule kwa mchaguzi wa mbegu, kwa sababu ngano isiyo na kinga huonekana upesi. Mbegu za Kenya zikapata sifa, nchi nyingine zikaziomba. Australia yenyewe ilizitumia: mwaka wa 1938 ilitolewa huko ngano iitwayo Eureka, ambayo kinga yake ya kutu ilitoka katika ngano ya Kenya. Wakulima walifurahi. Lakini mwaka wa 1942 ikaonekana kutu ya aina mpya iliyoweza kuivunja kinga hiyo. Miaka minne tu!

Jambo kama hilo likatukia karibu nasi. Mwaka wa 1998 kutu ya bua isiyo ya kawaida ilionekana katika Uganda, nayo ikaitwa Ug99. Iliishinda kinga iliyotegemewa na ngano nyingi za dunia, na baada ya miaka michache ikawa imefika Kenya. Mwaka wa 2005 Bwana Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1970 kwa kazi yake ya ngano, alizionya nchi zote. Tangu wakati huo maelfu ya mbegu za ngano kutoka nchi nyingi yameletwa Njoro kujaribiwa mbele ya kutu hiyo.

SHAURI KWA MKULIMA

Je, mkulima wa leo ajifunze nini kwa Federation?

Kwanza, asichague mbegu kwa urefu wa bua wala kwa rangi ya suke. Aulize inazaa kiasi gani katika wilaya yake, inakomaa kwa siku ngapi, na inahimili magonjwa gani.

Pili, amwulize mnunuzi kabla ya kupanda. Ikiwa kinu chataka ngano ngumu ya mkate, ngano laini itapata bei hafifu hata ikiwa safi. Na alimaye ngano laini kwa ajili ya biskuti asimwage mbolea nyingi ya chumvichumvi mwishoni mwa msimu, kwani huongeza protini ambayo mwoka biskuti haitaki.

Tatu, ajihadhari na mvua ya mavuno. Ngano nyingi za punje nyeupe huota upesi zingali sukeni kuliko za punje nyekundu. Zikikomaa, zivunwe bila kukawia, zikaushwe hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi, ndipo ziwekwe ghalani.

Nne, anunue mbegu iliyothibitishwa na kutiwa dawa, na akiweza asipande mbegu ya aina moja katika shamba lote. Kutu ikivunja kinga ya moja, huenda nyingine ikasalimika. Tena atembee shambani kila juma, ainame, atazame mabua. Akiona vipele, amwite ofisa wa kilimo siku hiyo hiyo apate shauri la dawa, asingoje kesho.

Na la mwisho, asiifanye mbegu kuwa ndoa ya maisha. Mbegu iliyomlipia karo miaka mitano iliyopita yastahili shukrani, lakini ukungu nao haukulala miaka hiyo yote. Wakulima wa Australia waliidharau Federation ilipokuja, wakaitegemea ilipokuwa na nguvu, wakaiacha ilipozidiwa. Kosa lao lilikuwa lile la kwanza tu.